Ubao wa Baba Kwenye Bucha ya Burma

Kazi yangu ni kugawa namba. Ndani ya kiini cha mfumo endeshi, ile programu inayosimamia kompyuta nzima, kila kitu kinachofunguliwa hupewa namba yake, na kikifungwa namba hurudishwa. Mimi hubuni njia ambayo programu nyingine huomba namba hizo. Majirani zangu wa Njiru wakisikia nashughulika na kompyuta, huniletea simu zilizovunjika.

Njia ya zamani ilikuwa na hatua mbili. Mwombaji alitenga kwanza nafasi kwenye kumbukumbu, kisha akaja kuomba namba. Hapo katikati mwingine aliweza kuitwaa nafasi ile, na wewe ukaambiwa ujaribu tena. Sikuona ubaya wowote. Nilikuwa nimeandika maelezo marefu ya namna ya kujaribu tena, na Jumatatu wenzangu wangeamua kama yapite. Nilitamani sana yapite.

Jumamosi nikampeleka baba Burma, soko la nyama choma hapa Nairobi. Ni karani mstaafu wa reli, mtu wa kanisa kutoka magharibi mwa Kenya, asiyejua kusukumana. Katika bucha tuliyoizoea, ukishachagua nyama unatafuta ubao mtupu wa kukatia, unauacha kaunta, ndipo unakwenda dirishani kuchukua namba ya zamu; bila ubao hupewi namba. Baba hakutaka nimsaidie. Aliweka ubao, akaenda. Kufika dirishani, mbavu za mtu mwingine zilikuwa zinakatwa juu ya ubao wake.

"Imebebwa, mzee," mkataji alimwambia. "Anza tu tena."

"Hakuna neno," baba akasema, akatafuta mwingine. Nao ukachukuliwa.

Mwanzoni nilicheka. Halafu nikaanza kuwachunguza wateja wengine. Mmoja aliulalia ubao wake kwa kifua huku rafiki yake akienda dirishani. Mwingine alidanganya kwamba ubao anao. Kila mtu na ujanja wake! Asiye na ujanja alikuwa baba peke yake.

Akarudi kuketi. "Twende nyumbani tukanywe chai. Hata sina njaa."

Na hakuwa ameonja kitu tangu asubuhi, kwa ajili ya nyama hiyo. Maelezo yangu yote mazuri yalikuwa yanasema neno la yule mkataji: anza tu tena.

Nikachukua ubao, nikaubeba kwapani mpaka dirishani, nikaomba namba nikiwa nao.

"Madam, hii ni style gani sasa?" kijana wa dirishani akacheka, lakini namba akanipa.

Baba akitafuna, nilimweleza kwamba maelezo yangu nayafuta. Kutenga nafasi na kupewa namba vitakuwa ombi moja, asipate mtu upenyo wa kuingilia kati. Alisikiliza kwa makini, kama anayesomewa ratiba ya treni.

"Na nafasi ikikosekana kabisa?"

"Ataambiwa hakuna, hapo hapo."

Alifuta vidole taratibu. "Hiyo ni heshima. Ukiambiwa hakuna, unaenda nyumbani. Mimi nilidhani ni mimi nisiyejua."