Sufuria ya Kidawa

Ijumaa mchana, watu wakishatoka msikitini, ile meza ndefu ya dirishani haina mtu. Viti vimepinduliwa juu yake, miguu hewani, kama darasa wakati wa likizo. Mkahawa wenyewe bado upo, palepale kwenye barabara kuu ya Kensington, hapa Johannesburg, baina ya duka la matairi na saluni ya Wakongo. Taa nyekundu ya karatasi inaning'inia mlangoni na mvuke unatiririka kwenye vioo. Lakini siku hizi hakuna anayemwambia mwenzake, "Twende kwa Kidawa."

Na haukuwa mkahawa wa Kidawa hata siku moja. Mwenyewe alikuwa Mama Lin, mwanamke wa Taiwan aliyeingia nchi hii akiwa kijana, akimfuata mume aliyeletwa kusimamia kiwanda cha masweta. Kiwanda kilikufa, mume naye akafuata, na Mama Lin akabaki na kile alichotoka nacho kwao: kukanda unga, kusukuma tambi, na kuchemsha supu ya ng'ombe tangu alfajiri mpaka mifupa iwe myepesi. Aliandika jina la mkahawa kwa Kichina, na chini yake kwa Kiingereza. Sisi wa ile meza ya dirishani hatukulitumia lolote. Tuliuita kwa jina la yule tuliyemjua.

Kidawa ni mtu wa Tanga, wa Ngamiani, binti wa mwanamke aliyekaanga sambusa barazani kwake akauzia mtaa mzima. Alikuja Johannesburg kumfuata mume aliyemwandikia kwamba ana duka. Akamkuta na chumba Malvern, nyuma ya Jules Street, chenye dirisha moja linalotazama ukuta. Binti yao Samira alipoanza kutembea, mume akaenda Durban kutafuta, na kama wengine waliokwenda kutafuta, akapotea yeye. Kidawa hakumsema kwa ubaya. Ukimuuliza alikujibu, "Yupo," halafu akakuuliza habari za watoto wako.

Kwa Mama Lin alianza kwa kuosha vyombo. Siku moja mfanyakazi wa kukunjia nyama kwenye unga alichelewa, na Mama Lin akamsogezea bakuli la nyama na duara za unga. Kidawa akazikunja kwa namna pekee aliyoijua, pembetatu, kona tatu kali kama za mama yake. Mama Lin akaziangalia, akazitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Zikafunguka zote. Nyama ikaelea upande huu, unga upande ule. Kidawa alingoja kufukuzwa. Mama Lin akacheka mpaka akashika ukingo wa meza, kisha akamkamata vidole na kumfundisha mikunjo, mmoja baada ya mwingine, ukingo uliolala kama marinda ya gauni.

"Sambusa ya mafuta haiogopi mtu," Kidawa alikuwa akituambia. "Hii ya maji inataka adabu."

Basi jina likawa hilo, sambusa za maji. Mpaka leo sijui jina lake la Kichina.

Sufuria yake nayo ilikuja kwa sababu ya adabu vilevile. Kila asubuhi Mama Lin hakumuuliza mtu ameamkaje, aliuliza, "Umekula?" Ndiyo salamu ya kwao. Kidawa, kwa malezi ya Tanga, alijibu kwamba ameshiba, maana mtu wa watu hasemi ana njaa mbele ya mwenyeji. Akajibu hivyo wiki baada ya wiki, na jikoni hakugusa kitu, kwa kuwa karibu kila kitu kilipitiwa na nguruwe au na ule mvinyo wa mchele wanaotia kwenye supu. Mama Lin akaudhika. Mpishi asiyekula jikoni kwake, wateja watasema nini? Mpaka siku alipomkuta nyuma ya mitungi ya gesi, anatafuna mkate mkavu kwa chai.

Walizungumza kwa Kiingereza chao cha jikoni. Kidawa akaeleza. Mama Lin akasikiliza, akaenda zake. Jumatatu akaja na sufuria mpya, karatasi ya bei ingali ubavuni, akaiweka kwenye figa la mwisho la jiko la gesi.

"Yako," akasema. "Mwingine haigusi."

Nyama ikaanza kununuliwa Fordsburg, kwa wachinjaji wa Kiislamu. Mvinyo ukaachwa, na mahali pake Kidawa akatia ukwaju kidogo. Mama Lin akaonja, akakunja uso, akaonja tena.

Wa kwanza kula alikuwa Twalib, kijana wa Dar anayetengeneza simu Malvern. Alikuja kumrudishia Kidawa simu yake, akasimama mlangoni akinusa.

"Dada Kidawa, mbona kunanukia kama nyumbani kuna arusi?"

"Kaa ule, uache kunusanusa kama paka."

"Hakuna kitimoto humu?"

"Kwenye sufuria yangu nguruwe hakuna. Kwenye za wenzangu sijui."

Akakaa. Ijumaa iliyofuata akaja na wawili, na baada ya hapo meza ndefu ikawa yetu. Tulikula tambi nene katika supu nyeusi yenye viungo vya umbo la nyota, na sambusa za maji tukizichovya kwenye siki na pilipili, wengine kwa vijiti, wengi kwa uma, Twalib kwa mkono. Alikuwepo pia Évariste wa Bukavu, mlinzi wa duka la matairi, Mkristo, ambaye hakuhitaji sufuria ya mtu lakini alipenda kelele zetu.

"Nyiye muko na sheria mingi," alisema. "Miye nakulaka yote. Hata hiyo sufuria mukiiacha, nitakula."

"Wewe tumbo lako halina mlango," Twalib akamjibu.

Samira alikuja akitoka shule, na begi lake, akakaa mwisho wa meza. Mama yake alimsemesha Kiswahili, yeye akajibu Kiingereza, na Kizulu akikasirika. Sisi wakubwa tulikula ile supu tukikumbuka kwingine: mmoja Tanga, mwingine Unguja, mwingine mama aliyekufa bila yeye kumzika. Yeye hakuwa na kwingine pa kukumbuka. Kwake chakula cha kwao kilikuwa hicho.

Hakuna aliyeingia jikoni kukagua. Hapakuwa na cheti cha halali ukutani. Tulikula kwa neno la Kidawa tu, na yeye alilijua hilo. Katika mji huu hakuwa na ukoo wala kiwanja, na mume ndiye huyo wa "Yupo." Alichokuwa nacho ni kwamba akisema kuleni, watu wanakula.

Kisha magoti yakamshinda Mama Lin, na bintiye akamrudisha Taiwan. Mkahawa ukashikwa na mpwa wake, Bwana Chen, kijana mpole, mwenye haraka. Alimheshimu Kidawa. Alikuta sufuria yake jikoni, akaiacha ilipo. Ila hakuwahi kukaa akaelezwa ni ya nini, na sidhani kama aliyajua yaliyotangulia.

Ilikuwa Ijumaa ya baridi kali, wateja wamejaa mpaka mlangoni. Kidawa alikuwa stoo, kati ya magunia ya unga, akiswali adhuhuri. Figa la sufuria ya nguruwe likazimika. Bwana Chen akachukua sinia la sambusa za nguruwe na kulimimina kwenye maji yaliyokuwa karibu.

Kidawa aliporudi aliziona zikielea kwenye sufuria yake. Alizijua kwa ukingo. Zile za nguruwe zilikunjwa na mpishi mwenzake, Célestine wa Lubumbashi, ambaye hubana ukingo bila marinda.

"Hizi zimeingia lini?" akauliza.

Célestine akatazama chini. Bwana Chen akasema sasa hivi tu, na kwamba maji yanayochemka yanaua kila kitu.

"Siyo vijidudu," Kidawa akasema. "Na zangu zilizotoka?"

Zilikuwa zimetoka kwenye maji yaleyale. Sahani tatu, zimeshapelekwa meza ya dirishani. Bwana Chen akamwambia taratibu aache, hakuna anayejua, kesho atanunua sufuria nyingine, atanunua mbili akitaka. Hakuwa mtu mbaya. Aliona mlango umejaa watu, na mpishi wake anavua aproni.

Tulimwona akitoka, naye huwa hatoki. Alikuja moja kwa moja akaondoa sahani mbele ya Twalib, mkono wa Twalib ukiwa njiani kwenda mdomoni.

"Acheni," akasema. "Maji yameingiliwa."

Uma na vijiti vikawekwa mezani. Hata Samira aliacha kuchora kwenye kioo chenye mvuke.

"Eish, dada Kidawa," Twalib akasema. "Nimeshameza mbili."

"Hizo ni juu yangu. Zilizobaki ziache."

Évariste alinyoosha mkono polepole. "Yaya Kidawa, lete huku basi. Chakula hakitupwi." Hakuna aliyecheka, lakini alipewa, akala huku ametazama barabarani kwenye robot, zile taa za magari, kana kwamba anahesabu magari.

Kesho yake Bwana Chen alinunua sufuria kweli. Akamwekea Kidawa mbele, akamwomba radhi kwa kuinamisha kichwa. Kidawa akaipokea, akaisugua, akabandika supu. Ijumaa ikafika. Tulikuja wanne tu. Twalib aliagiza chai.

Kidawa akatoka jikoni, akasimama mbele yake. "Huniamini?"

"Nakuamini kuliko dada yangu wa tumbo moja," Twalib akasema. Aliona haya kuendelea, lakini akaendelea. "Ila ukienda kuswali, nani anabaki na sufuria?"

Kidawa akavuta kiti akakaa. Sikuwahi kumwona amekaa humo ndani.

"Alikuwa anakaa Mama Lin," akasema. "Nikitandaza mswala, yeye anavuta stuli anakaa mbele ya jiko. Hazungumzi na mtu, hashiki kazi nyingine, mpaka nitoe salamu. Sikumwomba. Miaka yote ile."

Tuliokuwepo hatukujua. Tulidhani tunakula kwa neno la mtu mmoja, kumbe yalikuwa mawili, na la pili lilikuwa la mwanamke ambaye nguruwe kwake ni mboga kama mboga nyingine.

"Si umwambie Célestine akukalie?" akauliza mwenzetu.

"Célestine ameajiriwa kama mimi. Bosi akimwambia weka, ataweka. Nimbebeshe mzigo wangu kwa nini?"

Alizungumza na Bwana Chen jioni hiyo. Aliomba kila adhuhuri jiko lake lizimwe mpaka atakaporudi. Bwana Chen akasema saa ile ndiyo ya wateja. Aswali baadaye kidogo, mkahawa ukipungua. Kwa mtazamo wake lilikuwa jambo dogo. Kidawa akamshukuru, akamaliza mwezi, akamfundisha Célestine ile mikunjo ya marinda, akaondoka. Samira alilia njia nzima mpaka Malvern, na mama yake akamwacha alie.

Tulijaribu pengine. Huko Cyrildene, kwenye mtaa wa Wachina, kuna migahawa ya namna ile, lakini tukifika tunasoma vyeti vya ukutani, tunaulizana, tunaishia kunywa soda. Twalib amehamia Cape Town. Mimi nikipita Kensington napunguza mwendo, nanusa, na mara nyingine harufu ya zile nyota inanifikia barabarani hata kabla sijauona mkahawa. Siingii.

Kidawa sasa anaishi Rosettenville na binti yake. Anafua mashuka katika nyumba ya wazee wa Kireno, anaingia asubuhi na kutoka saa tisa, na adhuhuri wanampa chumba cha pasi kuswalia.