Kibuyu Kilichosubiri Kamera

Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, madaktari wa hospitali moja mjini Malindi walimkata Abdia Godhana kipande cha utumbo mpana kilichokuwa kimejisokota. Ncha iliyobaki wakaitoa nje ya tumbo, upande wa kushoto, ili choo kitokee hapo na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa tumboni. Tundu hilo linaitwa stoma. Tarehe ya upasuaji imo kwenye kadi ya kliniki, ambayo Abdia huihifadhi ndani ya Kurani.

Abdia, mama yake Halima, ana umri wa miaka arobaini na mmoja na huuza maziwa Garsen. Mfuko haukumzuia kuuza. Ulimzuia kuhama. Kila kiangazi, tangu akiwa mtoto mgongoni, alikwenda na ng'ombe hadi kwenye majani ya delta, mto unapokaribia bahari, na kukaa huko miezi mitatu. Mwaka 2024 alibaki kijijini kwake, Minjila, kwa sababu mifuko hutoka Malindi na delta haina duka. Aliwaona ng'ombe wakiondoka, akaingia ndani.

Utumbo ungeweza kuunganishwa tena, lakini kwanza daktari alitaka kuona kama uliobaki ni mzima. Kamera ingepitishwa kwenye stoma. Sista Dorothy, muuguzi wa kliniki ya stoma, alimweleza hatua zote na kumpa karatasi: siku mbili za vyakula laini, kisha siku moja ya vinywaji vinavyopitisha mwanga, yaani maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa. Asubuhi ya kipimo asinywe chochote. Kati ya vilivyokatazwa, maziwa yalipigiwa mstari mara mbili, kwa kuwa Dorothy anawajua watu wa Minjila.

Abdia alifuata kila neno. Alikunywa dawa ya unga ya kusafisha utumbo, iliyokorogwa majini, yenye ladha ya chumvi na malimau, na kufikia alasiri mfuko ulikuwa ukijaa kama ndoo ya kukamulia wakati wa masika. Aliumwaga mara kumi na moja. Mwishowe kilichotoka kilikuwa maji ya manjano, angavu, kama alivyoambiwa.

Alfajiri ya Jumatano, tarehe 15 Januari 2025, mama mkwe wake, Qabale, alisimama mlangoni na kibuyu cha maziwa. Nyumbani kwa Qabale hakuna anayefunga safari bila maziwa. Anayeyakataa anawatakia ng'ombe mabaya. Abdia akaeleza kwamba karatasi imekataza.

"Aliyeandika karatasi hiyo ana ng'ombe wangapi?" Qabale akauliza.

Abdia alijiambia kwamba maziwa si chakula. Akanywa kibuyu kizima.

Saa nne, kliniki Malindi, Dorothy alimuuliza ameingiza nini mdomoni tangu alfajiri, na Abdia si mtu wa kudanganya. Kipimo kikaahirishwa papo hapo. Mtu mwenye maziwa tumboni akidungwa sindano ya kusinzisha anaweza kutapika na kupaliwa, na ukungu wa maziwa huchafua kioo cha kamera. Tarehe mpya ilikuwa wiki tatu mbele. Dorothy alimwambia wazi kwamba akiikosa na hiyo, hapana uhakika wa kuunganishwa kabla ya ng'ombe kuhama Julai.

Nyumbani Abdia hakulaumu mtu. Alimweleza Qabale kuhusu sindano, kupaliwa na Julai, halafu akasema jambo la nne: lazima mgonjwa awe na mtu wa kurudi naye, maana baada ya sindano hafai kupanda bodaboda peke yake. Qabale akasugua kibuyu.

"Basi nitakwenda mimi," akasema. "Na maziwa yatasafiri nasi. Nitakupa kipimo kitakapokwisha."

Tarehe 5 Februari Qabale aliketi kwenye benchi la nje, kibuyu mapajani, akiwaambia wagonjwa wengine kwamba kina mwenyewe.

Ndani, Abdia alilala chali. Dorothy aliubandua mfuko taratibu, daktari akapaka jeli na kupima tundu kwa kidole kabla ya kuingiza mrija wa kamera, ambao haukuzidi unene wa kidole hicho. Stoma yenyewe haina hisia za maumivu. Alichohisi Abdia ni tumbo kufura kwa hewa, kama la ndama aliyelamba unga, na hewa hiyo ilipotoka kwa kishindo aliomba radhi akiwa nusu usingizini.

"Usiombe radhi, Mama Halima," Dorothy akamwambia. "Hapa hiyo ndiyo salamu."

Kwenye skrini aliona njia ya rangi ya waridi, yenye unyevu, safi kama pua ya ndama. Dakika ishirini na tano. Kisha kipande cha chini cha utumbo, kilichokuwa kimepumzika karibu mwaka mzima, kikaangaliwa kwa njia yake ya kawaida. Daktari akasema hapakuwa na kidonda wala uvimbe, utumbo unaunganishika. Dorothy akabandika mfuko mpya na kumwonya asishtuke akiona matone machache ya damu siku hiyo. Yakizidi, apige simu. Kula na kunywa, ruksa.

"Hata maziwa, sista?"

"Hata maziwa."

Qabale hakungoja kuitwa, akaingia na kibuyu. Maziwa yalikuwa yameanza kuganda kwa joto la Malindi, na yeye akashikilia kwamba hivyo ndivyo yanavyofaa. Abdia alikunywa ameketi kitandani, akafuta mdomo na kumpa Dorothy kibuyu. Dorothy akanywa pia. Qabale akamtazama mpaka akameza, ndipo akamuuliza kama ni yeye aliyeandika ile karatasi.

Abdia atalazwa Jumatatu, tarehe 14 Aprili 2025, baada ya Idi, ili utumbo wake uunganishwe. Ng'ombe watahamia delta mwezi wa Julai.