Mshenga Achagua Pikipiki kwa Ndoo ya Maji

Saa nne kamili asubuhi, historia ya usafiri wa nchi kavu inajikohoza na kuomba utulivu. Leo, mbele ya mashahidi wenye akili timamu, mwanamke mmoja anachagua pikipiki yake ya kwanza. Wajukuu watasimuliwa.

Historia inaombwa isubiri kidogo. Mwanamke mwenyewe anatafuta ndoo.

"Sitaki yenye mfuniko," anamwambia muuzaji. "Nipe ya wazi. Jaza maji hadi shingoni."

Muuzaji wa pikipiki zilizotumika ana tumbo la heshima, na funguo za kiunoni mwake ni nyingi kuliko za askari jela. Anamtazama mteja wake kuanzia juu hadi chini, safari ambayo haichukui muda, kwa sababu mteja ni mfupi.

"Mama, umekuja kununua pikipiki au kufua?"

"Nimekuja kununua. Kufua utafua wewe, maji yakikurukia."

Ndoo inaletwa. Fundi wa hapo uwanjani, kijana mwenye kisikio kimoja cha redio na mafuta meusi hadi kwenye nyusi, anaifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki ya kwanza. Wanaume wanne waliokuja kuulizia bei tu wanaacha kuulizia bei.

Kwa uadilifu wa kazi hii, msomaji aambiwe mapema kwamba mnunuzi huyu ni shangazi wa mwandishi wa makala haya, mwanafunzi aliye nyumbani kwa likizo ya shule ya bweni. Undugu huo hautaathiri ukweli wa habari, isipokuwa pale utakapouathiri.

Shangazi ana miaka arobaini na mitatu. Kazi yake ni uhimilishaji, yaani kuwapandikizia ng'ombe mbegu za madume bora ambayo hawatayaona maisha yao yote. Wateja wake wameona jina hilo ni refu, wakampa lingine: Mshenga.

"Mwanzoni nilikasirika," anasema. "Halafu nikafikiri, kwani uongo? Napeleka posa, naondoka kabla ya karamu."

Siri ya kazi yake iko ndani ya mtungi wa bati wenye shingo nyembamba, ambao leo umekalishwa kivulini juu ya kiti cha muuzaji kama mgeni rasmi. Ndani mna naitrojeni iliyo kimiminika, baridi kuliko kitu chochote ambacho msomaji amewahi kukigusa, na humo zinaogelea mbegu ndani ya mirija myembamba kama njiti. Mtungi ukianguka, ubaridi unamwagika, na mbegu zote zinakufa.

Kwa miaka kumi na mmoja ameubeba begani, kwa miguu. Waendesha bodaboda hawampakii.

"Wanaona ule moshi mweupe kwenye shingo ya mtungi, wanasema mama huyo ana bomu," anaeleza. "Mmoja alinishusha katikati ya njia, akanirudishia hela yote na nyongeza, mradi nisilipuke karibu naye."

Tatizo ni kwamba ng'ombe hana subira. Akiingia kwenye joto, mlango uko wazi kwa saa chache tu. Mshenga akichelewa, mlango umefungwa, na mwenye ng'ombe atangoja siku ishirini na moja nyingine bila mimba na bila tumaini la maziwa. Katika kila wito kumi mwaka jana, Mshenga alifika kwa wakati mara sita. Zile nne alifika akiwa anahema, akaambiwa pole, akarudi alivyokuja.

Ndiyo maana aliweka akiba miaka mitatu. Ndiyo maana mwezi uliopita alikwenda shule ya udereva, akajifunza wiki tatu, akafaulu mtihani na kupata leseni ambayo ameitia kwenye mfuko wa plastiki kama picha ya harusi. Na ndiyo maana ya ndoo: pikipiki itakayobeba maji ya wazi bila kuyamwaga itabeba mtungi.

Anavua ndala zake na kuzipanga sawasawa kando ya doa la oili, katikati ya uwanja. Hapo ndipo atakaposimama. Anavaa buti zake za mpira, anapanda pikipiki ya kwanza, nyeusi, ndefu. Vidole vya miguu vinaitafuta ardhi na kuikosa.

"Hii ni ya twiga," anasema, na kushuka.

Ya pili ni nyekundu, ya chini, kiti kimechanika kidogo. Miguu yote miwili inafika, hadi visigino. Anaizungusha hadi mwisho wa uwanja, anageuka, anakuja. Anakuja vizuri, mgongo umenyooka, uso wa mtu anayesoma barua ya serikali. Anafika kwenye ndala na kukamata breki.

Pikipiki inasimama kama imegonga ukuta. Maji hayasimami. Yanaruka kutoka kwenye ndoo kama yameitwa jina, yanampiga mgongoni, yanamshuka hadi ndani ya buti.

Wanaume wanne wanacheka hadi mmoja anakaa chini.

"Mbovu," anatangaza Shangazi, akichuruzika. "Inashika."

"Mama," anasema muuzaji kwa upole wa daktari, "hiyo ndiyo kazi yake. Ni breki."

"Breki gani inakurupuka hivi? Mimi nimesoma udereva, baba. Lete nyingine."

Ya tatu nayo inamwogesha. Mmoja wa wanaume wanne anauliza kama mama anahitaji sabuni. Shangazi hamjibu. Anakamua khanga, anaifunga upya, na anasema, "Jaza ndoo."

Simu inalia. Ni fundi cherehani mmoja anayeishi umbali wa kilomita kumi na saba, mwanamke mwenye ng'ombe mmoja tu, anayemwita Bibi Mkubwa. Sauti yake inasikika hadi kwa fundi wa pikipiki.

"Mshenga! Bibi Mkubwa analia tangu jana jioni, majani hataki, kamba ameikata! Simu haikuwa na chaji, nisamehe!"

Shangazi anatazama jua. "Mwisho wa joto lake ni saa tisa."

"Mshenga, hii ni mara ya tatu. Mara mbili umemkuta amepoa. Ukimkosa na leo, mimi namuuza. Nitalishaje ng'ombe asiyezaa wala asiyekamuliwa?"

"Usimuuze. Nakuja."

"Kwa miguu?"

Shangazi anautazama mtungi wake kivulini. "Nakuja," anasema, na kukata simu. Ni saa sita na robo.

Ya nne imeegemezwa ukutani, kuukuu, rangi yake haijulikani, kioo kimoja. Shangazi anaigusa mkono wa breki na uso wake unabadilika, kama aliyeiona sura ya nyumbani.

"Hii naijua," anasema. "Hii ni kama ya shuleni."

Inafungwa ndoo. Anakwenda hadi mwisho wa uwanja, anageuka, anakuja. Anakamata breki kwa ngumi nzima. Pikipiki inapunguza mwendo taratibu, kwa adabu, kama gari la msiba, na inasimama hasa mbele ya ndala. Maji yanatikisika, yanatulia. Halikumwagika hata tone.

Wanaume wanne hawacheki. Muuzaji anapiga makofi. Shangazi anashuka, anaingiza mkono kifuani, anatoa bahasha ya miaka mitatu.

Kisha anainama kuchukua ndala zake, na anabaki ameinama.

"Doa la oili liko wapi?"

Doa la oili liko nyuma ya pikipiki, hatua nane nzima.

"Ndala zangu zimeota miguu?" Bahasha inarudi kifuani. Anamgeukia muuzaji. "Baba, mimi ni mfupi, si mjinga. Unanisogezea alama ili uniuzie kongwe lako?"

"Mama, haki ya Mungu, mimi nilikuwa mezani!"

"Labda ni upepo," fundi anajaribu kusaidia.

"Upepo umezibeba zote mbili, ukazipanga, kulia na kushoto?"

Muuzaji anatoka jasho. Ameuza pikipiki miaka kumi na minane, anasema, na ameitwa majina mengi, lakini mwizi bado. Anazirudisha ndala kwenye doa kwa mikono yake mwenyewe. "Rudia, mama. Rudia mbele ya watu wote."

Anarudia. Safari hii mwendo ni wa mtu mwenye hasira. Anakamata breki kwa nguvu zote kwenye ndala, na ile kuukuu inapita ndala, inapita hatua nane, inapita watu, na kujikita kwenye rundo la matairi chakavu. Ndoo inapaa. Shangazi anabaki amekalia tairi, mzima, ameshika usukani ambao haumpeleki popote.

Hakuna anayecheka. Kila mmoja anautazama ule mtungi kivulini, na kuufikiria mahali pa ile ndoo.

Shangazi anapiga simu akiwa bado juu ya tairi. "Mwalimu, shikamoo. Ile pikipiki uliyonifundishia. Breki yake ya mkono ilikuwaje?"

Mwalimu wa udereva anakohoa sana. Simu imewekwa sauti kubwa. "Ile? Ile haishiki tangu mwaka juzi. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi waikamate kwa ngumi. Kwani vipi?"

"Na ya kawaida inakamatwaje?"

"Vidole viwili, mama. Unaikamua taratibu, kama..."

"Kama chuchu ya ng'ombe," Shangazi anamalizia, na kukata simu.

Mwandishi wa makala haya amesoma fizikia kwa miaka mitatu, na amewahi kupewa adhabu ndani ya somo hilo hilo. Hajapata kuona kitu kama kilichofuata. Shangazi anarudi kwa ile nyekundu. Anafunga macho kwa muda kama pumzi mbili. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vinaugusa mkono wa breki, vinaukamua, vinauachia, vinaukamua tena. Vidole hivyo vimejifunza miaka kumi na mmoja kupapasa gizani ndani ya ng'ombe, mahali ambapo nguvu ni ujinga, na kujua kwa kugusa tu kiko wapi kinachotafutwa. Wiki tatu za ngumi zinavitoka papo hapo.

Ndoo inajazwa. Nyekundu inaondoka, inageuka, inakuja kwa mwendo wa kweli. Kwenye doa la oili inajishusha, inanyamaza, inasimama. Ncha ya tairi imegusa ndala bila kuikanyaga.

Maji ndani ya ndoo ni kioo. Ndani yake linaonekana wingu.

"Yaani," anasema yule mwanaume wa sabuni, akiinama kuichungulia ndoo.

Karatasi zinaandikwa haraka, bima inakatwa kwa simu. Muuzaji, ambaye bado anauguza jina lake, anaongeza helmeti bila malipo. "Chukua, mama. Ukweli ni kwamba sikuzigusa ndala zako. Lakini ukitoka hapa usinitangaze."

Saa saba na nusu, mtungi unafungwa mahali pa ndoo. Mwandishi anapakiwa na fundi kwenye pikipiki nyingine, nyuma. Kwa kilomita kumi na saba anautazama mgongo mdogo uliolowa ukipanda na kushuka kilima, ukiinama kwenye kona, ukipunguza mwendo kwa kila shimo, na moshi mweupe wa mtungi ukipepea nyuma kama shela. Watoto barabarani wanasimama wima bila kuambiwa. Fundi amevua kisikio.

Wanafika saa nane na dakika ishirini. Fundi cherehani amesimama mlangoni na futi ya kupimia ingali shingoni.

"Mshenga! Umeruka?"

"Maji ya uvuguvugu," anasema Shangazi. "Na mshike kichwa."

Bibi Mkubwa bado yuko kwenye joto. Mrija unatolewa kwenye moshi, unaogeshwa, unafutwa. Glovu inapanda hadi begani. Shangazi anaegemeza shavu lake kwenye nyonga ya ng'ombe, anatazama mbali, na mkono wake unafanya kazi ambayo hakuna jicho linaloiona. Dakika tatu. Fundi cherehani hajapumua.

"Tayari," anasema Shangazi. "Sasa tungoje siku ishirini na moja. Asipolia, ujue amekubali posa."

Fundi cherehani anakaa chini kwenye nyasi na kulia badala ya ng'ombe. "Simuuzi," anasema. "Simuuzi tena."

Mwandishi anauliza, kama waandishi wanavyopaswa, kuhusu mipango ya baadaye. Shangazi ananawa mikono hadi kwenye viwiko. Anataka mwaka huu afike mara tisa katika kila wito kumi. Anataka mtungi wa pili. Anataka kurudi shule ya udereva na kukaza breki ile kwa spana yake mwenyewe, kabla haijamfundisha mtu mwingine.

"Jambo jingine," anasema, akijifuta. "Muuzaji alikuwa mezani kweli, nilimwona. Fundi alikuwa ameshikilia mashine ya kujazia upepo. Wale wanne walikuwa ukutani. Aliyekuwa katikati ya uwanja, na kalamu na uso wa malaika, alikuwa nani?"

Mwandishi wa makala haya anaichunguza kwa makini sana kwato ya Bibi Mkubwa.

"Binti wa kaka yangu. Nakuuliza."

Basi. Nilizisogeza mimi. Alipokuwa amegeuka kule mwisho na watu wote wanamtazama yeye, nilizisukuma kwa mguu, nikazipanga. Shuleni nimewahi kusogeza kengele, viatu vya mlezi wa bweni na, mara moja, ubao mzima. Sikuwahi kusogeza kitu kwa ajili ya mtu. Nilitaka tu kuwanyima wale wanaume kicheko cha tatu.

"Na mimi ungeninyima nini?" aliniuliza, taratibu. "Fikiria kilima kile tulichoshuka. Fikiria na breki ile."

Nilifikiria. Bado nafikiria.

Hakunichapa, hakupaza sauti. Alinipa helmeti na kuniambia kesho niirudishe kwa miguu, nimwambie muuzaji ni nani aliyemfanya aitwe mwizi, na kwamba akiitaka tena, Shangazi atailipia bei yake kamili. Kisha akasema kwa kuwa najifanya mwandishi wa habari, niiandike yote, hadi mwisho, mtu mwenye tumbo la heshima aisome.

Bwana muuzaji, ni mimi. Naomba radhi.