Simba Aliyefumba Kinywa

Baba yetu alikuwa fundi wa kukausha wanyama. Wawindaji walimletea ngozi, akazijaza pamba na kuzitia macho ya kioo mpaka ukadhani mnyama atakurukia. Mama alikuwa askari wa wanyamapori. Majirani walitania kwamba mke anawalinda wakiwa hai, mume anawapokea wakishakufa, na watoto tunakula pande zote mbili. Wazazi wetu hawakugombana kwa hilo, ila Mama hakuwahi kukanyaga karakana ya Baba.

Mwaka mmoja simba jike mzee alianza kuvamia mazizi ya kijiji cha jirani, akamjeruhi mchungaji. Mama, aliyemjua tangu simba huyo angali mtoto, ndiye aliyetumwa kumpiga risasi. Aliporudi hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja karakana, akaketi juu ya gunia la pamba. Baba aliacha kazi, akamletea chai.

“Nimeomba aletwe kwako,” Mama alisema.

“Nitamtengeneza vizuri, mke wangu.”

“Usimpanue kinywa. Wote unawatengeneza kana kwamba walikufa wakitukana.”

“Wateja ndivyo wanavyotaka.”

“Huyu hana mteja. Meno yalikuwa yamemwisha, ndiyo maana akafuata ng'ombe.”

Baba alimtengeneza amelala, kinywa amefumba. Alipopelekwa kuwekwa katika shule ya kijiji kile, mchungaji naye alikuja, mkono ungali na bandeji. Alimtazama kwa muda mrefu.

“Kumbe alikuwa bibi kizee,” alisema, akamshika sikio taratibu.