Likizo ya Siku Tatu

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa santrali ya simu Jumatatu asubuhi, na ni mimi niliyetumwa kulibandika. Lilisema konje zote za mwaka, yaani likizo, zimesimamishwa kwa wafanyakazi wote mpaka tutakapoarifiwa tena. Nililisoma mara mbili huku gundi ikinikaukia vidoleni. Ndani ya mfuko wa blauzi nilikuwa na barua yangu mwenyewe ya kuomba likizo. Nilikuwa nimeiandika Jumapili, baada ya misa.

Nilikuwa mwendesha simu wa kampuni ya mgodi, Kolwezi. Tulikuwa wanawake wanne mbele ya ubao wenye matundu na nyaya, tukiunganisha ofisi na mashimo, karakana na hospitali. Wawili kati yetu walitoka familia za Kasai. Siku moja hawakuja kazini, na hakuna aliyeuliza kwa nini, maana wote tulijua: watu wa Kasai walikuwa wakifukuzwa katika jimbo letu. Tukabaki wawili, tukipokezana asubuhi na mchana, hakuna siku ya kupumzika.

Mume wangu naye alikuwa mtu wa Kasai, kama mtu aliyezaliwa Kolwezi anaweza kuitwa hivyo. Baba yake aliletwa kuchimba shaba, akazeekea hapa, akazikwa hapa. Mume wangu mwenyewe hakuwahi kuiona Kasai. Alifundisha hesabu kwenye shule ya msingi mpaka mkuu wa shule alipomwambia, huku akitazama chini, asije tena. Wiki iliyofuata vijana wakaja kwenye ua wetu. Mmoja wao nilimjua, niliwahi kumpa maji ya kunywa.

"Mama, we ubakie," akaniambia. "We ni mutu wa Lubudi, ni wetu. Ye aende kwabo. Mpaka Yumamosi tusimuone."

"Na batoto?"

"Batoto ni ba baba yabo."

Ijumaa mume wangu akawachukua watoto wetu, wa kiume wa miaka saba na binti wa miaka mitatu, akaenda nao stesheni. Huko watu walikuwa wamelala chini na magodoro, sufuria, mashine za kushonea, hata milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao. Walikuwa wakingoja treni isiyo na saa wala siku. Binti yetu alikuwa anakohoa. Kila nikitoka kazini nilikimbia kuwapelekea chakula, na kila nikivuka reli nilikuwa naangalia kwanza kama watu bado wapo. Moyo ulikuwa hautulii mpaka nione shuka letu la buluu.

Mtu atauliza kwa nini sikuacha kazi tu nikaondoka nao. Tulilizungumza hilo, mimi na mume wangu, tumeketi juu ya begi. Nyumba ilikuwa ya kampuni, kwa jina langu. Nikitoka bila karatasi, ni kuacha kazi, na nyumba inakwenda. "Tukipoteza na nyumba, tutarudia wapi?" akasema. Bado alikuwa anaamini tutarudi. Basi tukakubaliana niombe likizo, niwafikishe Kasai, niwatafutie mahali pa kulala, kisha nirudi kulinda kile kilichobaki.

Jumatatu hiyo hiyo niliingia kwa shefu wetu, mkuu wa santrali, na barua yangu. Alikuwa mtu wa Sandoa, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri hata miaka ile. Hakuifungua barua.

"Mama, si umebandika tangazo sasa hivi?"

"Nimebandika, tata," nikasema, kama tunavyomwita mwanaume wa kuheshimiwa. "Lakini mi niko na miaka tatu bila konje. Naomba wiki mbili tu. Bwana na batoto biko ku gare, banangoja treni."

"Najua kama biko ku gare." Akaisukuma barua ikanirudia. "Ukienda hautarudia. Bote banasema banarudia. Na ukienda, nani atakaa ku santrali? Mwenzako atakaa mchana na usiku?"

Nikairudisha barua mbele yake.

"Mi niko na miaka tano," akasema, polepole zaidi. "Mama yangu balimuzika kule Sandoa, mi nilikuwa humu. Niliomba, balikatala. Sasa we unataka nikufanyie nini?"

Nilitoka nikiwa nimemkasirikia, na kumhurumia pia, na huruma ile ikanikasirisha zaidi. Jumanne nilirudi. Jumatano nilirudi. Alhamisi alinifungia mlango.

Siku hiyo, kama saa nne, taa ya stesheni iliwaka kwenye ubao. Mkuu wa stesheni alimtaka mtu wa usafirishaji wa kampuni. Nikawaunganisha. Ilikatazwa kusikiliza, na mimi nilisikiliza. Mabehewa yametoka Tenke, alisema, ya mizigo, hayana viti. Yatapakia watu kesho, yaondoke saa sita mchana.

Nilikosea kuunganisha hospitali mara mbili. Niliona wazi treni ikiondoka na mimi nimekaa pale na kaske ya kusikilizia masikioni, nikisema "santrali, ndiyo, ngoja kidogo." Na mbele yangu kulikuwa na tundu la mkurugenzi wa wafanyakazi, yule aliyetia sahihi kwenye tangazo. Katika miaka yote sikuwahi kuingiza waya pale isipokuwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Nikauingiza.

"Ndiyo?" akasema.

"Ni santrali, tata."

"Nani ananitafuta?"

"Ni mimi mwenyewe, tata."

Nilisema yote bila kupumua: bwana, watoto, kikohozi, treni ya kesho, miaka mitatu. Nilingoja anitukane. Akauliza tu, "Shefu wako yuko hapo? Nipe."

Nilimuunganisha na shefu, na safari hii sikusikiliza. Kupitia kioo nilimwona amesimama wima na simu, akiitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Alipotoka midomo ilikuwa imemkauka.

"Umenipitia juu ya kichwa," akasema.

"Nisamehe, tata."

"Siku tatu. Yumatatu saa moja uko hapa. Bila hivyo naandika kama umeacha kazi."

Siku tatu hazimfikishi mtu Kasai. Usiku ule sikulala vizuri, nikipiga hesabu ya vituo. Asubuhi stesheni mume wangu alisikiliza, akamtazama binti yetu, akasema, "Basi ufike naye Lubudi. Umuache kwa mama yako. Mi nitaenda na mutoto mukubwa."

Lilikuwa wazo zuri, ila ndilo lililotutenganisha mara mbili: mimi na mume wangu, binti na kaka yake.

Treni iliondoka jioni, si saa sita. Pale Tenke ilisimama siku mbili. Hakuna aliyetuambia sababu. Watu walishuka kupika kandokando ya reli, na kila filimbi ilipolia walipakia sufuria za moto. Jumapili ilipita. Jumatatu saa moja nilikuwa bado nimekaa kwenye behewa la mizigo, binti amenilalia mapajani, nikijua kwamba kule Kolwezi kiti changu kiko tupu. Tulifika Lubudi Jumanne. Treni haikukaa hata robo saa. Niliruka na mtoto, mume wangu akanirushia kifurushi cha nguo za binti. Mwanangu alikuwa nyuma ya watu, sikumwona uso. Niliita tu jina lake, na treni ikaanza kwenda.

Nilimwacha binti kwa mama yangu, nikarudi kwa lori la mkaa. Alhamisi asubuhi niliingia santrali na nguo za njiani. Shefu alikuwa amekaa mahali pangu, kaske kichwani, sikio limekuwa jekundu. Alivua, akanipa.

"Umekawia siku tatu."

"Ndiyo, tata."

Alienda ofisini kwake. Baadaye nilipofungua daftari la mahudhurio, niliona kwamba siku zile zote ameniandikia kwa mkono wake: mgonjwa. Hakuwahi kulizungumzia, nami sikuthubutu kumshukuru, nikiogopa kwamba tukilisema kwa sauti litafutika.

Likizo ya kweli sikuipata kamwe. Taa za ubao zilizidi kufa, karakana moja baada ya nyingine, hadi kukawa na siku ninazopokea simu tano tu. Binti yangu nilimchukua Lubudi mwaka uliofuata. Nyumba niliyoilinda, kampuni iliniondoa ndani yake pamoja na kazi, kwa barua moja iliyoandikwa kwa ajili yetu sote.

Ndipo nilipokwenda Kasai na binti, miaka saba baada ya treni ile. Mwanangu alitufungulia mlango, mrefu, sauti imebadilika. Alinisalimia kwa Kiluba cha Kasai, kisha kwa Kiswahili cha kutafuta maneno, akatuletea maji ya kunawa kama wageni. Dada yake alisogea nyuma yangu, akashika kitenge changu. Baba yuko shuleni, akasema, anafundisha, atarudi saa saba. Tukakaa tukamngoja.