Bata Mweupe wa Marehemu

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kufuli, kwa kuwa hakukuwa na mlango uliowahi kumshinda. Kibanda chake kilikuwa kando ya soko, na kila mteja alipokelewa kwa mzaha uleule: "Wewe umepoteza ufunguo, mimi nimepata unga." Nyumbani hakuwa na usemi. Mkewe ndiye aliyeendesha mambo, na kule uani alikofuga bata zake, Fundi hakukanyaga ila anapokwenda kuoga.

Mkewe akafariki. Waliokuja kumzika walipotawanyika, akabaki yeye na bata. Asubuhi ya kwanza ya upweke aliwachanganyia pumba, maji yakazidi, ikawa rojorojo, akawamwagia hivyohivyo. Walikuja mbio wakipigana vikumbo. Aliyekosekana ni yule mweupe, kipenzi cha marehemu.

Alimkuta nyuma ya tangi la maji, ndani ya droo kuukuu ya kabati iliyojaa nyasi kavu. Alikuwa amejilaza bapa, amejibana kabisa. Fundi alipoinama, bata alitunisha manyoya, akatanua mkia, akafoka kama tairi linalotoka upepo. Lakini hakuondoka. Kifua chake kilikuwa kimenyonyoka, manyoya laini yametapakaa kwenye nyasi. Mayai Fundi aliyaona chini yake, ila bata kutaga ni kawaida, hakuyatilia maanani.

Mchana alimwona akichomoka mbio, akapiga mafunda ya maji, akaangusha kinyesi kikubwa chenye harufu ya kuziba pua, akarudi droo ileile. Pumba hakuigusa.

Kutokula, kunyonyoka, kujificha, kung'aka ukiulizwa hali: yote Fundi alikuwa ameyaona chumbani kwake mwenyewe, kitandani kwake, akayaita uchovu. Alipokuja kushtuka, daktari alikuwa hana la kufanya.

"Safari hii sichelewi," alisema peke yake.

Alimfunika bata kwa gunia, akapata mapigo ya mbawa na kudonolewa mikono, akampeleka jikoni na kumfungia ndani ya tenga. Akaenda duka la dawa za mifugo, akarudi na dawa ya unga, akaikoroga kwenye maji. Bata hakunywa. Alikwaruza tenga na kulia kutwa nzima, akalia na kesho yake pia, na Fundi akawa anamtuliza: "Vumilia, mama. Utapona."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, mfanya usafi wa hospitali, alifika kukusanya nguo za dada yake. Kelele zilimpeleka jikoni kabla hajaketi.

"Shemeji, huyu amefanya nini mpaka afungwe?"

"Anaumwa. Hali chakula, amenyonyoka, ukimkaribia anafoka. Nimemuanzishia dawa."

Shemeji alimgeuza bata, akakitazama kile kifua kilicho wazi.

"Huyu haumwi. Ameatamia. Manyoya kajing'oa mwenyewe ili joto lake liyafikie mayai. Akiwa hivi hali sana, hatoki sana, na anafoka kwa sababu ana anachokilinda. Mayai yako wapi?"

"Palepale kwenye droo."

"Tangu jana?"

"Tangu juzi."

Walikwenda pamoja. Mayai yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Shemeji aliingia nalo moja jikoni, akaziba dirisha kwa kanga, akalishikilia juu ya mwanga wa simu. Ndani palikuwa na kivuli cheusi kilichotulia kimya. Alichukua la pili. Hali ileile.

"Vilishakuwa vifaranga," alisema. "Dada ndiye aliyemtandikia hizo nyasi. Aliniambia kwenye simu kabla hajalazwa, mweupe ameanza kulalia. Alikuwa na furaha, utadhani yeye ndiye anayengoja mjukuu."

"Mimi hakuniambia."

"Ungemsikiliza?"

Fundi aliketi juu ya kinu akafuta uso kwa mkono uliojaa alama za mdomo wa bata.

"Yeye alikuwa anaumwa, nikasema amechoka," alisema baadaye. "Huyu mzima, nikasema anaumwa."

Shemeji akaenda kukunja nguo.

Bata alipofunguliwa alikimbilia droo moja kwa moja, akayapanga mayai kwa mdomo, akayalalia. Fundi hakuwa na ujasiri wa kumzuia. Alimwekea maji karibu. Bata alikonda, akaendelea kulalia, hadi yai moja likapasuka na uvundo ukaingia mpaka chumbani. Shemeji akamwambia kwa simu ayaondoe, la sivyo bata atajimaliza.

Aliyafukia pembeni mwa ua. Bata alikuwa akimfuata nyuma, akimdonoa visigino. Kisha akarudi kwenye droo tupu, akaizunguka, akaingia, akatoka, akaita. Wenzake walikuwa wanaoga kwenye beseni na hakuwajali.

Fundi aliegemea jembe akimtazama. Wateja walipiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Siku hiyo kibanda hakikufunguliwa.