Kikombe cha Maziwa cha Umwiza

Mama Léocadie wa Nyamianda ndiye anayewalaza wagonjwa usingizi kwa dawa kabla ya upasuaji hospitalini kwetu, na kwa maswali hana mwenzake. Mimi napanga vyombo vya upasuaji kando yake mwaka wa tisa huu, na ananichosha. Jambo moja atalitafuta kwa milango mitatu. Tunamwita Mama Maswali. Anajua, wala hajali. Nampenda hivyo hivyo.

Siku ile zamu ilikuwa ya Umwiza, mtoto wa miaka sita kutoka milima ya juu. Kifafa kilimwangusha motoni, na vidole vya mkono wa kulia vikapona vimegandana. Daktari Ildephonse, mgeni wetu wa siku mbili, ndiye angevifungua, kisha arudi Bukavu mchana uleule, maana barabara ya Kamanyola si ya kupita jioni. Atarudi lini tena, hakuna aliyejua.

Jana yake bibi wa mtoto, Mukarusanga, aliambiwa: asubuhi asile kitu, ila dawa ya kifafa asiikose, kwa maji kidogo.

"Alikula?" Léocadie akauliza saa mbili.

"Hapana."

"Dawa je?"

"Alikunywa, saa kumi na mbili."

Sisi tuliridhika. Yeye akabisha mlango wa tatu. "Alikunywa na nini?"

"Na maziwa, kikombe yote," bibi akasema, bila kuficha. "Kwetu mutoto haende safari na maji tu."

Léocadie akaweka barakoa chini. "Tunangoja mpaka saa sita."

"Kikombe moya ndiyo itanichelewesha?" Daktari akanuna.

"Ikipanda ikaingia mu mapafu, weye utashona mukono ya maiti."

Daktari akatazama saa yake, akatoka. Nikadhani anaondoka zake. Bibi alikaa kwenye benchi akijilaumu, na Léocadie akakaa naye, bila kumgombeza. "Maziwa ni muzuri, mama. Leo tu ilikuja mapema."

Saa sita Daktari alirudi, bado amenuna, akanawa mikono. Umwiza alilala, vidole vikafunguliwa kimoja kimoja, akaamka bila kifafa kumwangusha. Nililia kidogo nikiosha vyombo.

Miezi miwili baadaye bibi alitushukia na kibuyu cha maziwa. Umwiza ndiye aliyeshika kikombe, kwa mkono uleule, akamnyooshea Léocadie.

"Kunywa," bibi akamwambia. "Weye hakuna mwenye anakupasua leo."

Mama Maswali alipokea, akanywa yote, na hakuuliza kitu.